Kisima Alichokifunga Dada

Jumatatu, 3 Machi

Kisima cha nyuma ya shule kimefungwa. Mnyororo, kufuli, na bango jekundu: MAJI HAYA SI SALAMA. Sasa mtaa mzima tunapanga foleni kwenye bomba la ng'ambo ya reli. Leo nimekwenda asubuhi na jioni, Bosi mgongoni, dumu mkononi. Bosi ni binti yangu. Hajaanza hata kutembea vizuri lakini amri anatoa.

Na aliyekifunga kisima ni nani? Dada yangu mwenyewe, ninayekaa naye nyumba moja! Si kwa mkono wake, kwa bakuli lake, ndivyo anavyokiita kipimo alichokiunda. Mwezi uliopita alichukua maji ya kisima akaenda kuyapima maabara kwao. Bakuli likasema mna sumu ya magugu, ile wanayopuliza kwenye mashamba ya juu. Profesa wake akafurahi, akapeleka habari ofisi ya maji. Ofisi ya maji, ambao pampu ikiharibika tunawaita mpaka sauti inakauka, safari hii walikuja mbio.

Kwenye foleni Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, kaniambia: "Mpe dadako ahsante. Kiuno changu sasa kimenyooka kama rula." Watu wakacheka. Nikamwambia bora kiuno kiumie kuliko ini. Akasogeza dumu lake mbele.

Lakini nahesabu uji wote niliompikia Bosi kwa maji yale.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi anaota jino. Hakulala, sikulala. Nguo za juzi bado ziko kwenye beseni, zimeanza kunuka.

Baba yake kapiga simu kutoka barabarani. Lori lina mzigo, atachelewa tena. Nimesema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Ila kuna habari! Dada ameitwa kwenye usaili. Ijumaa ya tarehe 21. Nafasi ya kudumu, maabara yake mwenyewe, na nyumba ya wafanyakazi. Nimeuliza swali moja tu: ina bomba ndani? Ina. Jikoni NA bafuni. Nikakaa juu ya ndoo.

Tangu arudi kutoka masomoni Dada amekuwa mtu wa mkataba. Mkataba ukiisha, mkataba mwingine. Kama mtu anayelala sebuleni kwa watu, kila asubuhi anakunja shuka lake. Wa sasa, unaotulipia kodi, unaisha Juni. Profesa naye anastaafu, na akiondoka yeye maabara inagawanywa. Kwa hiyo ni Ijumaa ile au basi. Kazi yake yote tangu usichana inaingia kabatini, na yeye anakwenda kufundisha tuisheni.

Hajaniambia hivyo. Lakini tulilala kitanda kimoja mpaka nilipokuwa mkubwa, namjua anavyopumua.

Sasa kamati ina watu wa fedha na wa utawala, si wanasayansi watupu, na wametaka maelezo kwa Kiswahili. Dada hajawahi kueleza kazi yake kwa Kiswahili! Kaniomba afanye mazoezi kwangu. Eti kwa sababu niliishia kidato cha nne na kemia nilipata sifuri. "Ukielewa wewe, mdogo wangu, kila mtu ataelewa."

Ahsante sana, Dada.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la kwanza. Mimi nakunja nepi, yeye anahutubia sufuria.

Naandika nilivyoelewa, maana atanihoji. Kila kitu kimejengwa kwa molekuli, ndogo kupita kuona. Kemia waliyotufundisha shuleni ni ya ndoa: hii inafungwa na ile, kuzitenganisha mpaka moto na vita. Ya Dada si ndoa, ni uchumba. Molekuli zinakaribiana, zinashikana, zikitaka zinaachana bila kesi. Nikamwambia ndiyo maana mpaka leo na wewe... Akanirushia nepi. Bahati nzuri ilikuwa kavu.

Yeye alitaka kuunda molekuli yenye umbo la bakuli. Miaka ya mwanzo hakupata bakuli, alipata kitu cheusi kinanata chini ya chupa. Nakumbuka simu zake kutoka kule masomoni. "Leo tena lami." Marehemu mama akadhani mwanawe anajenga barabara! Akawa anawaambia watu kwa fahari kabisa, mkubwa wangu yuko kwenye barabara. Hatukumsahihisha.

Kisha siku moja bakuli likatoka. Unga mweupe, kijiko kimoja cha chai hakijai. Lina tumbo lenye nafasi, na mdomo unaopenda vitu vyenye chaji chanya. Ndani yake Dada anaweka rangi, na rangi ikiwa ndani inang'aa kijani chini ya taa ya zambarau. Sumu ya magugu ikija inaenea ndani vizuri kuliko rangi, inaisukuma rangi nje, mwanga unazimika. Mwanga ukizimika, sumu ipo. Ndani ya maji yenye takataka za kila namna, bila jicho, bila pua, bakuli linamjua wake.

Alipofika hapo sauti yake ilibadilika. Miaka yote hii nilijua kazi yake ni ngumu. Sikujua kama ni nzuri.

Tumegombana kwa neno moja tu. Yeye bakuli analiita mwenyeji, na rangi na sumu anaziita wageni. Nikakataa. Mgeni gani anamtoa mgeni mwenzake kitandani? Sema mpangaji. Bakuli ni chumba, rangi ni mpangaji, akija anayekifaa chumba zaidi, yule wa kwanza anajikuta nje na godoro lake. Dada akasema vitabu vyote duniani vinasema mgeni. Nikamwambia waandishi wa hivyo vitabu hawajawahi kupanga.

Akafikiri. Akaandika mpangaji.

Nikauliza, je, akija mtu mwingine, si sumu, naye chumba kikamwenea? Kasema hilo kamati watauliza tu. Kila mtu wa fani yake analiuliza. Amejaribu chumvi, mbolea, sukari, mkojo wa ng'ombe (!), sabuni. Sabuni ina chaji ya kinyume, mdomo wa bakuli unaikataa mlangoni.

Haya. Nimefaulu somo. Nepi zote zimekunjwa.

Jumatano, 12 Machi

Bomba la reli limekatwa mchana kutwa. Nimerudi na dumu tupu na nepi ya mtoto iliyojaa. Sina zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna jambo. Dada hakugusa chakula.

Profesa alitaka vipimo vipya vya kuonyesha kamati. Chupa za kioo za maabara hatimaye zimefika, zile walizoagiza tangu mwaka jana, basi ofisi ya maji wakamfungulia kufuli, akachota tena. Mwanga haukuzimika. Chupa ya kwanza, ya pili, zote. Kijani tupu, inang'aa kama taa za harusi, ndivyo alivyosema.

Nikauliza si ni habari njema? Kama sumu imeondoka? Kasema sumu ile haiondoki hivyo, ingebaki hata kidogo. Profesa kasema huenda mashambani wameacha kupuliza. Pale maabara wanamwita Profesa Huenda. Dada huwa anacheka akinisimulia. Leo hakucheka.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa naanika. Dada katoka nje, kaniuliza kwa upole sana: lile dumu ulilonipa siku ile ya kwanza liko wapi?

Siku ile chupa za maabara zilikuwa hazijafika na gari la kwenda kazini lilikuwa linapiga honi. Nikampa dumu letu jeupe, dogo, lenye kifuniko kizuri. Nimelisuuza vizuri, nilimwambia. Na kweli nililisuuza.

Nikamletea. Akafungua kifuniko, akaingiza pua, akafumba macho.

"Lilikuwa na nini hili?"

Dawa ya kulainisha nguo. Ile yenye harufu ya waridi, baba yake Bosi aliileta safarini. Nepi zilikuwa zinamkwaruza mtoto.

Dada akakaa chini, pale pale kwenye maji ya kufulia. Na sketi yake nzuri.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akanieleza taratibu kama tuko kwenye somo. Dawa ile si sabuni. Sabuni ina chaji ya kinyume, hii ina chanya, na mkia mrefu wa mafuta. Inaingia kwenye bakuli kama kidole kwenye pete. Alijaribu mpaka mkojo wa ng'ombe, na hiyo haikumjia akilini, kwa sababu nani anatia manukato kisimani?

Nikasema lakini nilisuuza! Akasema hata ungesuuza mpaka kesho, inang'ang'ania plastiki. Kosa si lako. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, hupimi maji kwa chombo usichojua kilikotoka. "Gari lilikuwa linapiga honi," akasema. "Nikasikiliza honi."

Kwa hiyo kisima hakina sumu. Nimevuka reli wiki hizi zote na mtoto mgongoni kwa sababu ya ulaini wa nepi zake mwenyewe! Nilianza kucheka, sikuweza kuacha. Bosi naye akacheka, hajui anacheka nini. Dada alikuwa anatazama maji yakipita.

Jumanne, 18 Machi

Amehakikisha. Katia maji safi ya maabara ndani ya dumu letu, kayapima. Mwanga ukazimika. Hakuna ubishi tena.

Kamwambia Profesa. Profesa kafunga mlango kwanza. Kisha kasema asidanganye, hapana, ila asilifungue jambo hili mpaka Ijumaa ipite. Bakuli halijakosea, bakuli liliona mpangaji na kweli mpangaji alikuwepo. Kosa ni la dumu. Wiki ijayo wataandika barua nzuri kwa ofisi ya maji, huenda hata lawama isiwepo. Kamati haipendi kuajiri mtu siku anayosema amefunga kisima cha watu bure.

Dada kaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Hapa hasomi mtu, basi niandike. Nilisema nyamaza. Ijumaa si mbali. Nimechoka, Dada. Nataka kufungua bomba jikoni kwangu kama watu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuoga. Nilidhani atabishana nami. Nilitaka abishane.

Jumatano, 19 Machi

Mama Pacha hakufanya mzaha leo. Mapacha wake wanaharisha, wote wawili. Juzi kiuno kilimkataa kuvuka reli mara ya pili, akachota mferejini. Akachemsha, anasema, lakini mkaa uliisha kabla hayajachemka sawasawa.

Kisha akanisogelea, sauti chini. "Mdogo wangu, wewe uko karibu na wasomi. Ile sumu ya kisimani, inakaa mwilini muda gani? Maana hawa wangu waliyanywa tangu kuzaliwa. Isije ikawa ndiyo inatoka sasa."

Alikuwa amenishika kanga, hataki kuachia. Mama Pacha! Anayewatania mpaka askari.

Na mimi na mdomo wangu huu, nikamwambia awapeleke zahanati. Nikambebea dumu lake mpaka mlangoni. Basi. Hayo tu ndiyo niliyofanya.

Jioni Dada alikuwa anapiga pasi suti yake. Nikamwambia nilikosea jana. Mama Pacha anadhani amewanywesha wanawe sumu. Kesho kaseme ofisi ya maji. Akasema subiri Ijumaa. Nikasema watoto wanaumwa! Akasema, bila kuinua macho, "Wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze."

Kweli. Ndiyo iliyoniuma.

Tukagombana. Tulinong'ona, Bosi alikuwa amelala. Kasema sijui ni kitu gani kukaa miaka kumi na moja na lami. Kasema wenzake wana nyumba, wana watoto, yeye ana kijiko cha unga mweupe. "Na Juni tutalala wapi? Kwenye huo ukweli wako?"

Nikamwambia: Dada, nakupenda, wewe ndiye umenilea. Nguo zako nitafua, chakula nitapika, ukifukuzwa nitafukuzwa nawe. Lakini Ijumaa jioni kufuli likiwa bado lipo, nitasimama kwenye foleni nitasema mwenyewe. Kuanzia dumu mpaka waridi.

"Hutafanya."

"Nitafanya."

Pasi ilikuwa imeacha alama kwenye mkono wa suti. Ndogo. Tukaitazama wote wawili. 

Alhamisi, 20 Machi

Mapacha wamepewa maji ya chumvi na sukari zahanati, wamerudi. Mmoja ameanza kudai chakula. Nimempelekea Mama Pacha maji yetu ya kuchemsha na nikamwambia asiguse mfereji. Kaniuliza, "Kuna kitu unajua?" Nikamwambia aniulize kesho. Kanitazama sana.

Dada kafanya zoezi la mwisho mbele yangu. Uchumba, lami, barabara ya mama, vyote vizuri. Alipofika kwenye ule mchoro wa kisima, mstari unaoshuka ghafla, alisema: "Na hapa bakuli lilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye maji ya watu." Akaruka kwenda mbele.  Nilikuwa nampangusa Bosi mafua.

"Usinitazame hivyo."

"Namtazama mtoto."

"Unanitazama kama mama."

Nikamwambia mama angekuwepo, asingetazama, angeshachukua nyundo akaenda kisimani. Akacheka kidogo. Kisha akamchukua Bosi, akakaa naye dirishani, wameshikana vidole. Mama mkubwa na mwanawe. Niliwaacha. Nilikuwa na vyombo.

Ijumaa, 21 Machi

Niko nje ya ukumbi, kwenye benchi. Naandikia magotini, Bosi kalala juu ya mkono wangu mmoja. Dada ndiye aliyesema nije. Sikuuliza kwa nini. Aliposhuka garini alinyoosha mkono wa suti kuficha ile alama ya pasi, na mimi nikamtengeneza kola.

Korido ndefu, inanuka dawa ya sakafu. Sekretari anapiga chapa na kunitazama kwa pembeni, huenda hapa watoto hawaruhusiwi. Kuna mwombaji mwingine anasubiri, kijana wa tai. Anasoma karatasi zake huku midomo inacheza.

Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya Dada, maneno siyapati. Ameanza chini. Sasa imepanda.

Wamecheka! Watu wengi. Hiyo ni ya barabara, naijua.

Wamecheka tena. Bosi kashtuka, nimempapasa, kalala.

Sasa ni sumu na mpangaji. Nafuata sauti inavyopanda na kushuka kama mtu anayejua wimbo. Sasa mchoro.

Kimya.

 Kijana wa tai kainua kichwa.

Anaongea tena. Si ile sauti ya mazoezi. Ni polepole, ya chini, kama anavyoongea nyumbani. Anaongea muda mrefu. Hakuna anayecheka. Kiti kimeburuzwa.

Profesa Huenda, aliyekuwa ndani na kamati, katoka. Ananijua, alishakula kwetu, lakini kanipita bila salamu. Kasimama mwisho wa korido, kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena. Sasa anarudi. Kaingia. Mlango haujafungika vizuri.

Nasikia mwanamume, sauti kavu, anauliza kisima kimefungwa tangu lini. Dada anajibu. Anauliza ofisi ya maji wanajua? Dada anasema hapana, nawaambia leo, nikitoka hapa. Mwingine anasema binti, unaelewa unachotuambia siku ya leo? Kisha Dada: "Naelewa." Na yule wa sauti kavu tena, nani aliyekupa chombo.

"Chombo nilikichukua mimi," anasema. "Lakini kama kuna asiyeamini, mdogo wangu yuko hapo nje. Ndiye anayejua maji yale. Yeye ndiye anayeyabeba."

Miaka yote sikuwahi kudhani watu hawa wanajua kama ana mdogo.

Viti. Minong'ono. Sekretari kaitwa ndani, katoka, anakuja huku, anasema wananihitaji kidogo. Nije na mtoto tu, haidhuru. Nina doa la maziwa begani. Nywele sijui zikoje. Namwambia dakika moja, na mlangoni namwona Dada, amesimama peke yake mbele, ananitazama mimi, na sijui niingie na shikamoo au nianze moja kwa moja na dumu.